Tangazo la Msiba wa Nyamizi

Hapa Ng'ambo, mjini Tabora, bado wapo watu ambao wakiniona nakatiza mtaani wanauliza kwanza, "Nani tena?" ndipo wanakumbuka kunisalimu. Siwalaumu. Kwa miaka mingi simu yao ikilia na ujumbe ukawa umetoka ofisini kwetu, mara nyingi ulikuwa wa msiba, na kila mtu alijua kwamba aliyeuandika ni mimi. Waliniita Mama Misiba. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa akiniona tu anasimamisha cherehani, ananitazama usoni, nikitabasamu ndipo anaendelea kushona.

Jina langu hasa ni Zena, na sasa nimestaafu. Ninyi mnaojifunza kuandika programu mmeniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa, hasa ile habari ya foleni na vibarua wake. Nitaeleza. Lakini siwezi kuitenga na habari ya Bibi Nyamizi wa Ulyankulu, kwa hiyo mtazisikia zote mbili pamoja, na kama mlitarajia mambo ya kompyuta matupu, mnisamehe.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Familia ikitaka kutangaza jambo, harusi, hitima, kipaimara, hata ng'ombe aliyepotea, inakuja na namba za simu za ndugu zake, sisi tunaandika tangazo, na ujumbe unawafikia ukoo mzima, walioko Urambo, Sikonge, Nzega, hadi Dar es Salaam. Lakini kazi kubwa ilikuwa misiba. Waislamu wa hapa mjini wanazika siku hiyohiyo, kwa hiyo ujumbe ukichelewa kidogo tu, mtu anakuta watu wanakung'uta udongo mikononi. Wakristo wa vijijini wanangoja kidogo walio mbali, nao wanataka saa ya maziko iandikwe sawasawa ili anayesafiri ajue kama atawahi.

Programu zote ziliandikwa na Idrisa. Huyu alikuwa mtoto wa hapahapa, baba yake fundi bati. Alisoma Dar es Salaam, akarudi kumuuguza mama yake, na mama alipofariki hakuondoka tena. Kwa umri ni kama mdogo wangu wa mwisho. Asubuhi anaingia, "Shikamoo dada Zena," anakaa, anafungua kompyuta, anasahau kama kuna watu wengine duniani. Mimi niliajiriwa kama mchapaji tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu, taratibu, mwanamke wa makamo niliyekuwa nikidhani kompyuta ni taipu yenye kioo.

Mwanzoni hatukuwa na foleni. Mfiwa anakaa mbele yangu, naandika, nabonyeza, na kompyuta inaanza kutuma kwa ndugu mmoja baada ya mwingine. Mtandao ukisuasua, kila kitu kinaganda. Mama wa watu amefiwa na mume asubuhi ileile, kajifunika ushungi, ananitazama mimi, nami natazama kioo, na hakuna wa kumwambia mwenzake nenda. Siku moja Idrisa akasema, "Dada, hawa watu wana maiti nyumbani. Hatuwezi kuwakalisha hapa kwa ajili ya mtandao."

Alinieleza dawa yake kwa mfano wa mashine ya kusaga. Ukipeleka mahindi mashineni, husimami ukimshika msagaji mkono. Unaweka debe lako kwenye mstari, lina alama yako, unakwenda sokoni. Msagaji anachukua debe moja, anasaga, anavuta linalofuata. Basi na sisi ofisi ya mbele ikawa inapokea tu na kupanga kwenye foleni, na huko nyuma kukawa na programu nyingine zinazochukua kazi mojamoja na kuzitekeleza bila mtu kuzingoja. Hizo za nyuma aliziita vibarua. Ikawa raha. Mfiwa anasema yake, naandika, naweka kwenye foleni, namwambia "Mungu awatie nguvu," naye anakwenda kushughulikia sanda yake au jeneza lake.

Vibarua nao wana vituko. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kibarua anakufa, na akiamka hakumbuki kama alikwisha kutuma au la, kwa hiyo anatuma tena. Kuna harusi moja mjomba wa bwana harusi, mkazi wa Nzega, alipata mwaliko mara nyingi hivi kwamba alipiga simu ofisini kwa hasira: "Nimesikia! Naja! Au mnadhani nitatoroka?" Tulimcheka sana. Halafu jambo lilelile likatokea kwenye msiba. Mama mmoja alipokea habari ya kifo cha mwanawe, akapokea tena, na tena, na kila mara akaanguka upya. Hapo hatukucheka. Idrisa akaweka sharti: kila tangazo lina namba yake, na kibarua akikuta namba aliyokwisha kuituma, alitupe tangazo hilo kimya kimya, asiulize mtu. Ni sharti zuri, na ninyi mtalikuta kila mahali. Lakini lilikuwa na sehemu yake katika msiba wa Ulyankulu, ndiyo maana nimelitaja.

Kalunde aliingia ofisini asubuhi, ameletwa na jirani yake kwa pikipiki kutoka Ulyankulu. Mvua zilikuwa zimechelewa na alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mwanamke mkulima, Mkristo wa Kanisa la Moravian, sauti yake ndogo. Mama yake, Bibi Nyamizi, alikuwa amefariki alfajiri. Nilimpa pole, nikaandika: anayetangaza, Kalunde. Marehemu, Nyamizi. Maziko, kesho mchana, nyumbani.

Kwa watoto wa marehemu tulikuwa tunashauri wapigiwe simu kabisa, wasisubiri ujumbe. Nikamuuliza kama yupo mtoto mwingine.

"Nina mdogo wangu, Maganga. Yuko Nzega. Namba yake ni hiyo ya mwisho."

"Umempigia?"

"Hatusemezani," alisema. "Tuliachana vibaya juu ya shamba la baba, muda mrefu sasa. Atapata kwenye tangazo kama wengine." Akafunga kanga yake vizuri, akasimama. "Kwa mama atakuja."

Asubuhi ileile Idrisa alikuwa amenibadilishia ukurasa wa kuandikia. Alikuwa ameona kwamba mtu aliyefiwa akikaa kwenye kile kiti huanza kujitaja yeye mwenyewe, jina la marehemu linakuja baadaye, kwa shida. Kwa hiyo akageuza mpangilio ili wasilazimike kulitaja mwanzo. Ilikuwa huruma tu. Programu ya mbele ikawa inafunga majina kwenye kifurushi cha kumpelekea kibarua kwa mpangilio mpya, kwanza anayetangaza, kisha marehemu. Kibarua wa nyuma alibaki akifungua vifurushi kwa mpangilio wa zamani, kwanza marehemu. Na kwa programu zetu za wakati ule jina lilikuwa maneno tu. Maneno haya na maneno yale, kwa kompyuta ni kitu kimoja. Hakuna kilicholalamika, hakuna kilichosimama. Tangazo la Kalunde ndilo lililokuwa la kwanza kupita.

Ujumbe uliotoka ulisema hivi: Nyamizi wa Ulyankulu anasikitika kuwatangazia kifo cha Kalunde. Maziko kesho mchana, nyumbani.

Kalunde alikuwa bado yuko juu ya pikipiki akirudi kwake, na kwa ukoo mzima tayari ni marehemu.

Tulijua mchana, alipoingia mjomba wao anayekaa hapa mjini. Alikuwa ameshika simu mbele yake kama kitu kinachonuka. "Nimepishana na Kalunde pale kituo cha mafuta, anakunywa maji," alisema, "na simu yangu inaniambia amekufa. Mnafanya kazi gani hapa?"

Idrisa aliangalia kioo kwa muda mfupi tu. "Ni majina," alisema. "Yamepishana."

Akamrekebisha kibarua palepale. Nami nikafungua tangazo lilelile, nikahakikisha majina, nikaliweka tena kwenye foleni. Kioo kikaandika "limepokelewa." Tukashusha pumzi. Mjomba akaondoka kwenda Ulyankulu kuhani, na njiani akawapigia wale aliokuwa na namba zao. Ya Maganga hakuwa nayo. Na lile tangazo sahihi halikufika kwa mtu yeyote. Kibarua aliliona lina namba aliyokwisha kuituma, akalitupa kimya kimya, kama alivyoamriwa.

Siku chache baadaye mwanaume mrefu alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Ninyi ndio mlionitumia ujumbe wa Ulyankulu?" aliuliza. "Mimi ni Maganga."

Nilimpa kiti. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu kwetu. Alisema anataka kueleweshwa tu, lakini kabla hatujasema neno akaanza kutueleza yeye.

Alikuwa mlinzi wa ghala la mpunga huko Nzega. Ujumbe aliuona alasiri alipoamka, na alikuwa bado na muda wa kuwahi gari la jioni. Alikaa nao mkononi. "Nikasema, Kalunde. Hatujasemezana miaka yote hii. Nikienda leo, nikienda kesho, yeye amekwisha kufa. Nikaenda zangu lindoni." Asubuhi alipotoka zamu akapanda basi. Alipofika Tabora hakuunganisha moja kwa moja, aliingia sokoni kwanza, kwa sababu mawazo yake yote yalikuwa kwa mama yake. Mama mzee, amefiwa na binti aliyekuwa akimtunza, atabaki na nani? Akataka asifike mikono mitupu. Akanunua kitenge.

"Nilichagua sana," alisema. "Mama hapendi rangi za kelele."

Alipofika nyumbani watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani. Akapita katikati yao, akaingia uani, akamwona Kalunde amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake.

"Nilifurahi," Maganga alituambia. "Mnanielewa? Nilipiga kelele ya furaha kwenye matanga. Nikamkumbatia. Watu wananitazama. Halafu nikamuuliza, 'Mama yuko wapi? Nimemletea kitenge.'"

Kofia yake ilikuwa imekunjika yote mikononi. "Ningejua ni mama," alisema, "ningekuja kwa miguu."

Idrisa alikuwa amesimama muda wote. Hakueleza habari za vifurushi wala mipangilio. Alisema, "Kosa ni langu, kaka. Naomba nije nyumbani kwenu."

Tulikwenda wote wawili, na mchele na sukari kama watu waendavyo kwenye msiba. Wanawake waliokuwa pale walitupokea kwa salamu ya huko, "Mwangaluka," wakatupa maji ya kunawa. Maganga alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Idrisa hakukubali kiti, alikaa kwenye mkeka mbele ya Kalunde, akamwambia yote, jinsi majina yalivyopishana, jinsi sahihisho lilivyotupwa, akaomba msamaha.

Kalunde alimsikiliza hadi mwisho. "Majina kupishana nimeelewa," alisema. "Hata mchungaji hukosea, akamtaja mtu mwingine. Hilo nimekusamehe, mdogo wangu, usilale nalo."

Shoka likasikika nyuma ya nyumba.

"Lakini yule alipata habari kwamba nimekufa mimi," Kalunde aliendelea, sauti yake ndogo vilevile. "Mimi, niliyembeba mgongoni. Akaenda lindoni kama kila siku. Sasa nimejua siku yangu ikifika itakuwaje. Nilikuwa naishi vizuri bila kulijua hilo. Hilo utalirekebishaje?"

Mimi nilishika mkono wa Kalunde kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Tuliporudi mjini na kufika Ng'ambo, Idrisa alishuka akaenda kwao bila kuaga, mtu ambaye hakuwahi kunipita bila salamu.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo mliyotaka kuisikia. Aliuvunja mfumo wote wa foleni, akaujenga upya kwa namna ambayo kila kitu kina aina yake. Marehemu akawa aina moja, mfiwa aina nyingine, ingawa wote wawili ni majina ya watu. Saa ya maziko ikawa saa kweli, siyo maneno. Programu ya mbele na vibarua wa nyuma wakawa wanasoma maelezo yaleyale ya kifurushi, yaliyoandikwa mahali pamoja, ukigusa upande mmoja wa pili unashtuka. Kibarua akipata kifurushi asichokielewa hakisii tena, anakiweka kando na kuita mtu. Na sahihisho likapata aina yake, lenye namba yake, asije kibarua akalidhania ni marudio akalitupa.

Alipomaliza aliniita. "Dada, humu ndani ya programu weka marehemu mahali pa mfiwa. Kusudi."

Nikaweka. Mstari mwekundu ukatokea hata kabla programu haijawashwa, na kompyuta ikakataa kabisa kuiandaa ifanye kazi. Nikajaribu kwa njia ya kuzunguka, ikakataa. Nilijaribu ujanja wote niliokuwa nao wala haikukubali. Nikampigia makofi.

Hakufurahi. "Ni kazi ndogo tu hii," alisema. "Nilikuwa naiahirisha tangu mwaka jana. Kila siku nasema majina ni majina tu, nani atayachanganya."

Basi niwaambie kidogo ya vitendo, kabla sijasahau. Msipe kibarua maneno matupu pale mnapoweza kumpa kitu chenye aina. Msibadilishe upande mmoja wa foleni huku upande wa pili umelala. Na kile kisanduku cha vifurushi vilivyowekwa kando, kifungueni kila asubuhi kabla ya chai, kwa sababu ndani yake mna watu wanaongoja. Mimi nilikifungua hadi siku ya kustaafu. Idrisa alikwisha kuondoka wakati huo, yuko Dar es Salaam, ana vijana wengi chini yake. Akinipigia tunaongea habari za watoto na bei za vitu. Ulyankulu hatuigusi.

Maganga alirudi ofisini mara moja tu, wakati mfumo mpya umeanza kazi. Alikuwa amesikia kwa mjomba wake kwamba tumetengeneza. Idrisa akamwonyesha ule mstari mwekundu, akamweleza kwa maneno mepesi. Maganga aliinama akautazama kwa karibu.

"Ingekuwa hivi siku ile," aliuliza, "ningemzika mama?"

"Ndiyo, kaka," Idrisa alijibu. "Ungemzika."

Maganga akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Kisha akasema alichokuja kukitafuta: anataka tangazo la mama yake litoke, kwa ukoo wote, kama lilivyopaswa kutoka.

Nilimwambia kwa upole kwamba watu wote sasa wanajua, na bibi amekwisha kuzikwa.

"Najua, dada. Lakini hatukutangaziwa." Akatoa simu yake, akanionyesha. "Hapa kwangu mpaka leo aliyekufa ni Kalunde."

Nikakaa kwenye kiti changu, nikaandika. Marehemu, Nyamizi. Nikamuuliza niandike nani kama anayetangaza, yeye au dada yake.

"Kalunde," alisema. "Ndiye aliyemuuguza."

Mtataka kujua kama walipatana, ndugu hawa wawili. Kalunde akija mjini hunipitia na asali kidogo, na nikimuuliza habari za mdogo wake hunijibu, "Yupo," basi. Maganga huenda kulima shamba la nyumbani kila msimu, analala pale, anakula pale, na Kalunde anamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni. Zaidi ya hapo sijui, wala si haki yangu kujua. Ninachojua ni cha siku ile.

Nilibonyeza, tangazo likaingia kwenye foleni, kibarua akalichukua. Simu ikatetemeka mkononi mwa Maganga. Alikuwa akiingoja, lakini alishtuka. Aliusoma ujumbe akichezesha midomo, Kalunde wa Ulyankulu anasikitika kuwatangazia kifo cha Nyamizi, na alipofika mwisho akaanza kulia kama mtu aliyepata habari sasa hivi, mkono umeziba macho. Idrisa akamsogezea kiti, hakukiona.

Kabla hajanyamaza simu ikaanza kuita. Alitazama jina, akasita, akapokea. Spika yake ilikuwa na sauti kubwa, tulisikia kila kitu, hata kuku wa huko Ulyankulu.

"Maganga."

"Naam, dada."

Nilidhani imekatika.

"Mama amefariki," Kalunde alisema.

Maganga akafuta uso kwa kofia. "Lini?"

"Alfajiri. Aliomba maji. Nilimwinua, akanywa kidogo, nikamlaza tena."

"Alisema neno?"

"Aliuliza kama Nzega mvua imenyesha."

Maganga akateleza taratibu ukutani hadi akakaa chini sakafuni, simu sikioni. "Ilinyesha, dada," alisema. "Siku ile ilikuwa imenyesha."

Idrisa akainuka akatoka nje. Nikamfuata, nikaurudisha mlango.